Kiwayu: likizo inayopangwa kwa mwezi

Watu wakitaka kwenda Kiwayu huniuliza bei ya boti. Nami huwauliza mwezi umefika tarehe ngapi, wakadhani nawafanyia mzaha. Kisiwa kile hakiijui kalenda ya ofisi iliyompa mume wangu ruhusa ya Disemba. Kinaendeshwa na maji kujaa na kupwa, na maji nayo yanaufuata mwezi. Karibu kila kilichotupendeza kule, na karibu kila kilichotutoa pesa na jasho, kilianzia hapo.

Sisi ni watu wa Malindi, kwa hiyo tulijiona bahari tunaijua. Hifadhi yetu ya baharini ina umri mkubwa kuliko mimi, ilitengwa mwaka 1968. Lakini bahari ya Malindi mvua ikinyesha bara hugeuka rangi ya udongo, kwa sababu mto Sabaki humwaga tope lake kaskazini ya mji, na kuna miezi unaoga usione vidole vyako. Mume wangu alitaka maji maangavu. Wifi yangu, anayekaa Nairobi, alitaka mahali ambapo simu ya bosi haimfikii. Watoto walitaka kasa. Mimi nilitaka tu mahali ambapo mwenye zamu ya kupika si mimi.

Kwa asiyejua, Kiwayu ni kisiwa chembamba kaskazini ya kisiwa cha Pate, kaunti ya Lamu nchini Kenya, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotengwa mwaka 1979. Ukiendelea kaskazini kuna mkufu wa visiwa vidogo vipatavyo hamsini, vya mawe ya matumbawe ya kale, unaokwenda karibu kilomita 60 ukiifuata pwani kuelekea mpaka wa Somalia. Wenyeji ni Wabajuni. Upande mmoja wa Kiwayu una mlango wa bahari uliotulia, wenye mikoko, na wa pili unatazama bahari kuu bila kizuizi. Mto hakuna. Chini ni mwamba wenye matundu, mvua ikinyesha maji yanapotelea humo humo. Hilo la mwisho tulilisoma kabla ya safari, tukalipita haraka.

Kabla ya bei niseme la usalama, maana kulinyamazia ni kumdanganya msomaji. Mwaka 2011 wageni walivamiwa upande wa Kiwayu, na wiki chache baadaye kisiwani Manda. Kumekuwa na nyakati za amri ya kutotembea usiku na za wavuvi kuzuiwa kuvua usiku. Mpaka uko karibu, msitu wa Boni uko ng'ambo, na hali hubadilika mwaka hadi mwaka. Hatukwenda kwa kusikia maneno ya mtu mmoja. Tulimpigia jamaa yetu wa Lamu, tukamuuliza nahodha peke yake, kisha tukapita kwa polisi gatini tukaandikisha majina, tunakokwenda na siku ya kurudi. Tulikubaliana nyumbani mapema kwamba mmoja wao akisitasita tutageuzia Shela, kijiji cha pale pale kisiwani Lamu, tulale pale na tusinung'unike. Wewe nawe uwe na mahali pa kugeuzia, na mkubaliane kabla hamjapanda basi, kwa sababu mkishafika Lamu na watoto wanarukaruka, hakuna mzazi anayependa kuwa wa kwanza kusema turudi.

Basi kutoka Malindi hupita Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha unavuka kwa boti hadi mjini Lamu. Barabara siku hizi ina lami. Kuna vizuizi vya askari ambapo abiria wote hushuka, kitambulisho mkononi. Za watoto tulibeba nakala za vyeti vya kuzaliwa, zikatusaidia. Lamu yenyewe sitaieleza, imeandikwa ya kutosha tangu UNESCO iutie mji mkongwe kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Kitu kimoja tu: ada ya hifadhi ya Kiunga hulipwa kwa mtandao, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ilipe ukiwa Lamu, chumbani, simu ikiwa na chaji na mtandao umesimama, na upige picha ya risiti. Kule mbele mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe.

Sasa boti. Njia ya bei ndogo ni kupanda boti ya abiria na wenyeji, magunia ya unga na kuku. Ni mia kadhaa za shilingi kwa mtu, lakini haiondoki kila siku, na ikiondoka haikungoji. Njia ya pili ni kukodi. Tulikodi boti ya faiba yenye mashini moja, na baada ya kusemezana jioni nzima barazani tukafika shilingi 32,000 kwenda na kurudi, mafuta juu ya mwenye boti. Neno hilo la mafuta ndilo la kushikilia. Mtu akikutajia bei inayokuchekesha kwa udogo, muulize petroli ni ya nani, kwa sababu mashini inakunywa kweli kweli na mwendo ni mrefu. Kubalianeni pia kuhusu siku za katikati: boti inakaa nanyi kisiwani au inarudi Lamu na kuwafuata baadaye? Yetu ilirudi, kwa sababu kumweka nahodha na baharia wake kule ilikuwa ni kuwalipa siku zote hizo. Nusu ya pesa tulitoa mkononi, nusu tukaahidi tukirudishwa gatini. Jaketi za kujiokolea tuliziomba tuzione kabla ya kukabidhi hata shilingi. Za wakubwa zilikuwapo. Za watoto zilitafutwa usiku ule ule kwa jirani, kwa hiyo uliza mapema.

Nahodha alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa Kizingitini, asiyependa maneno mengi.

"Ami, kesho tutoke saa ngapi?" nikamuuliza.

"Mkishasali alfajiri mtanikuta gatini."

"Saa mbili haifai? Watoto wamechoka na basi."

"Yafaa," akasema. "Ila tutapwelewa."

Kupwelewa ni kukwama chombo maji yakipwa. Alilisema kwa upole sana. Mume wangu akalichukua kama tahadhari ya kawaida ya wazee. Asubuhi wifi yangu akataka kwanza apite sokoni karibu na ngome achukue tungule na vitunguu, na mboga zilipomalizika kufungwa ilikuwa saa mbili na ushei. Nahodha alikuwa ameketi pale pale, hakuuliza kitu.

Basi kaa uelewe hesabu yenyewe, maana hii ndiyo iliyonifanya niandike. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu hii maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Baada ya wiki moja inaingia siku za maji mafu, na mambo yanageuka: maji yanajaa mnamo saa nne asubuhi, hayapandi sana wala hayashuki sana. Sisi tulitoka Lamu siku mbili baada ya mwezi mpevu. Kwa maneno mengine, tuliingia njiani wakati bahari inatoka.

Mwanzo ulikuwa mzuri mpaka nikaanza kumcheka ami kimoyomoyo. Tulipita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, mikoko imesimama pande zote mbili na mizizi yake iko nje, tukatoka ghuba ya Manda tukiziona kwa mbali kreni za bandari mpya, ile ambayo gati yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 2021. Tukapita Mtangawanda. Watu wakatupungia. Baada ya Faza, mji wa kisiwani Pate, tukielekea kisiwa cha Ndau, maji yakaanza kubadilika rangi chini yetu, kutoka kijani kibichi hadi njano ya mchanga. Ami akainua mashini. Boti ikateleza kidogo, ikakwaruza, ikakaa. Kijana baharia akaruka nje, maji yakamfika magotini. Akasukuma mara moja, akasimama, akacheka.

Tulikaa juu ya fungu lile hadi adhuhuri ilipopita. Boti haikuwa na turubai. Tulisimamisha pondo na kasia, tukafunga kanga mbili juu yake, tukabanana kwenye kivuli cha upana wa mkeka. Visubi kutoka mikokoni vikatufuata. Vile ni vidogo kiasi kwamba huvioni, unaona vipele tu. Dawa ya mbu ilikuwa chini kabisa ya mizigo, na mizigo ilikuwa chini ya mizigo. Watoto peke yao walifurahi: fungu lilipokauka kabisa walishuka wakafukuza kaa, kila wakimkaribia anazama mchangani. Ami alitoa chupa ya kahawa, akatumiminia kila mmoja kikombe kidogo, kisha akajifunika kilemba usoni akalala. Hakusema "niliwaambia". Ningelipendelea aseme.

Ila kilichotuumiza pale halikuwa jua, ni maji ya kunywa. Tulikuwa na katoni za chupa tulizonunua Lamu, tukihesabu chupa kwa siku kama tunavyohesabu nyumbani. Juani, kwenye chumvi na upepo, mtu mzima hunywa lita tatu kwa siku bila kujua. Tulipoelea tena na kufika Kiwayu alasiri, sehemu nzuri ya maji ya likizo ilikuwa imekwisha kunyweka juu ya mchanga.

Mama mwenyeji wetu alitupokea ufukweni kwa ukarimu wote, akawashika watoto mashavu, akaangalia mizigo ikishushwa: begi la viatu, katoni ya soda, mboga, spika ya muziki.

"Karibuni wanangu. Maji mumekuja nayo?"

Nikamwonyesha katoni zilizobaki. Akatabasamu, akasema alhamdulillahi, na nikajua kuna tatizo.

Jioni alinipeleka nikaone jabia. Ni birika kubwa lililojengwa kwa mawe na chokaa, nusu yake ardhini, linalokusanya maji ya mvua. Visiwa vyote vile vinaishi kwa majabia, kwa sababu visima vingi ni vya maji ya chumvichumvi. Akafunua kifuniko, akateremsha kopo kwa kamba. Niliisikia kamba ikienda, ikienda, halafu kopo likagonga sakafu. Akaivuta pembeni, akaiburuta, kopo likapanda na maji yasiyofika nusu. Ukutani, ndani, kulikuwa na mistari ya rangi iliyofuatana kwenda chini, kila mmoja unaonyesha maji yalipowahi kusimama. Mstari wa masika ulikuwa juu ya kichwa changu. Vuli ya mwaka ule ilikuwa haba. Maji yaliyobaki chini yalikuwa ya nyumba tatu.

Sitaki kukuficha, usiku ule mimi na mume wangu tuligombana kwa kunong'ona ndani ya chandarua, watoto wamelala. Yeye alisema tulipe tuletewe maji, pesa ipo. Mimi nilisema aibu ya kuja kunywa jabia ya watu haitoki kwa pesa. Wote tulikuwa na haki kidogo. Kesho yake tuliagiza madumu ya lita ishirini kutoka bara, ng'ambo ya mlango. Maji yenyewe bei yake ndogo, unacholipia ni mashini ya kuyaleta. Ziara ile ya boti ilitugharimu zaidi ya siku nzima ya chakula chetu sote. Kwa hiyo kabla ya kutoka Lamu jaza madumu, matano au sita kwa familia, ya kunywa na kupikia, uyafunge vizuri, na uyahesabu kama mzigo wa kwanza wala si wa mwisho. Na ukija nayo yakazidi, waachie wenyeji. Hakuna zawadi itakayopokelewa kwa furaha kuliko hiyo.

Kuoga mama alitufundisha. Unaoga baharini kwanza, unajisugua na mchanga kama unataka, kisha unajisuuza kwa kata mbili za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kwanza kichwani ishuke yenyewe, ya pili kwa uso na mikono. Sabuni ya kipande usijisumbue nayo baharini, haitoi povu kwenye chumvi. Wanangu, ambao nyumbani huacha bomba likimwagika, baada ya siku mbili walikuwa wanagombezana kwa tone.

Makao yalikuwa banda la makuti juu ya mchanga, kitanda cha kamba, chandarua chenye viraka, taa moja ya sola na choo cha shimo chenye ua wa makuti hatua kadhaa nyuma. Tulilipa shilingi 2,500 kwa usiku, banda zima, chakula mbali. Msimu ule upepo ni wa kaskazi, na usiku makuti yanapiga kelele mpaka unajiuliza kama paa litabaki. Lilibaki. Wifi yangu siku ya kwanza alilala na viatu. Mbu walikuwa wachache kwa ajili ya upepo huo huo, wakaongezeka pale tu upepo ulipotulia magharibi, kwa hiyo muda wa kujipaka dawa na kuvaa mikono mirefu ni kabla ya adhana, si baada.

Chakula sina la kulalamika. Changu wa kuchoma, pweza wa nazi, kaa, kamba wakubwa ambao Malindi ningewatazama tu kwenye sahani ya mtu mwingine. Wali, mahamri asubuhi, chai ya tangawizi. Kinachokosekana ni mboga na matunda, hakuna udongo wa kuviotesha. Tungule za wifi yangu, zile zilizotuchelewesha, zilifika zimekuwa rojo. Ndimu, vitunguu, viazi, ukwaju na nazi ndivyo vinavyostahimili safari. Na zamu ya kupika, nilitaka nimwachie mwingine, lakini kukaa jikoni na mama yule nikikuna nazi na kusikiliza habari za harusi za Faza kulinipendeza kuliko ufukwe.

Bamvua hiyo hiyo iliyotukwamisha ndiyo iliyotuonyesha kisiwa. Mnamo saa nne na tano asubuhi mwamba wote wa nje unakuwa mkavu, unatembea mbali pale ambapo jioni kuna kina cha watu wawili. Wanawake hutoka na vijiti vyenye ncha kutafuta pweza. Mmoja alinionyesha jinsi anavyolijua shimo lenye mwenyewe: kuna maganda ya kaa na kombe yaliyotupwa mlangoni, safi, hayajaota ukungu wa bahari. Pweza amekula akatupa takataka nje. Nilitazama mashimo asubuhi nzima nikapata moja, na lilikuwa tupu.

Hapo ndipo wifi yangu alipokatwa mguu. Mwamba ule ni mawe ya matumbawe yaliyokatika katika ncha, na alivaa sandali nyembamba za mjini. Jeraha lenyewe dogo, lakini matumbawe huacha chembe ndani, na siku ya pili lilikuwa limevimba na joto. Tulikuwa na pamba na plasta, hatukuwa na dawa ya kusafishia. Hospitali iko Faza, kisiwani Pate, na kufika huko ni boti nyingine na hesabu nyingine ya maji. Mama alilisugua kwa maji safi na sabuni mpaka wifi akalia, chembe zikatoka, na ndilo lililosaidia. Baadaye mganga wa zahanati alimwambia usafi wa mwanzo ndio uliomwokoa na makubwa. Nenda na viatu vya mpira vyenye soli nene, hata vya kuokota, na ayodini. Wale viumbe weusi wa mwambani, mviringo, wenye miiba mirefu usiwaguse. Mwiba ukiingia, wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Kwenye mchanga wa maji machache buruta miguu badala ya kuinua, ili samaki taa aliyejifukia akusikie aondoke. Ukichomwa na taa au na samaki wa mawe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kustahimili, huku mtu akitafuta boti ya kukupeleka hospitali.

Kuogelea tulijifunza kwa kukatazwa. Mume wangu alitaka kupiga mbizi kwenye mlango wa bahari saa tatu asubuhi, maji yanatoka, uso wa bahari umetulia kabisa. Kijana mmoja wa pale akamwambia, "Mjomba, ukiingia sasa tutakufuata nje huko." Maji yanapotoka hupita mlangoni kwa nguvu isiyoonekana juu. Ogelea maji yanapoingia, yatakurudisha pwani yenyewe. Upande wa bahari kuu, wenye mawimbi, wale watoto hawakuvuka kiuno.

Na maji yale, yakiwa yamejaa alasiri na jua linaanza kulala, unaona kila kitu. Samaki wa manjano wanaingia na kutoka kwenye matumbawe yenye vidole, na chini yake mchanga mweupe. Mzee mmoja mvuvi alitueleza kwamba tunachokiona ni kilichobaki na kilichoota upya. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe na kufa, na yeye aliyaona yakigeuka akiwa kwenye mtumbwi. Usiyakanyage hata kama umechoka kuogelea. Lala chali juu ya maji, upumzike.

Kasa hatukumwona. Tuliona njia yake, asubuhi moja, upande wa bahari kuu: mistari miwili ya mapezi kutoka majini hadi juu ya ufukwe, shimo lililofukiwa, na mistari ya kurudi. Watoto walitaka kuchimba. Mlinzi wa ufukwe, kijana wa pale pale, aliwaeleza kwa nini haikubaliki, akawaruhusu kumsaidia kupanga vijiti vya kuweka alama. Usiku alitukataza kwenda na tochi, kwa kuwa mwanga humgeuza kasa kabla hajataga. Ufukwe huo huo umejaa ndara. Sisemi ndara mbili tatu. Mkondo na upepo wa kaskazi huleta takataka za bahari nzima ya Hindi, na nyingi ni ndara za plastiki, za mguu mmoja mmoja, za rangi zote. Wanawake wa Kiwayu walianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuziokota na kuzichonga kuwa vitu vya kuchezea na mapambo. Binti yangu alinunua nyangumi wa rangi tatu.

Mambo madogo niyapitie haraka. Beba pesa taslimu, noti ndogondogo. Simu hushika mtandao ukipanda kichuguu cha mchanga, tena kwa wakati wake, na muuza samaki hatapanda nawe. Kijiji ni cha Waislamu, nguo za kuogelea ziishie ufukwe wa mbali na nyumba, ukirudi jifunge leso. Pombe usiipeleke. Spika ya muziki tuliirudisha Malindi haijawashwa, na nadhani hilo ndilo jambo la busara tulilofanya bila kuambiwa. Kuna siku moja ya katikati watoto walichoka na kila kitu na wakubwa nao wakawa hawasemezani. Ilikuja ikapita, lakini jua kwamba itakuja, uwe na karata.

Kurudi tulimwachia ami atuambie saa. Mwezi ulikuwa umepungua, maji mafu yamekaribia, akasema tutoke saa mbili asubuhi, maji yanaingia, twende nayo. Tulifika Lamu kabla ya adhuhuri na mashini haikuinuliwa hata mara moja. Tukamlipa nusu iliyobaki na mume wangu akamwongezea kidogo. Ukijumlisha basi, Lamu, boti, banda, chakula na maji yale ya kuletewa, tulitumia zaidi kidogo ya shilingi 80,000, wakubwa watatu na watoto wawili. Tungekwenda na boti ya abiria na madumu yetu, ingepungua sana.

Mume wangu anataka turudi. Kuanzia Mei mpaka Agosti sahau, ni kusi, bahari ya nje ni ngumu na manahodha wengi hawataki hata kuzungumza bei. Yeye anasema Januari. Mimi nasema tungoje kwanza masika yapite, kusi litulie, majabia yawe na kitu, twende mwezi wa kumi katika siku za maji mafu. Wifi yangu ameshanunua viatu.